Asbesto Bujumbura: Tuanze na Anayevunja Paa

Bujumbura inajijenga kwa kujibomoa. Ukipita Rohero au Kabondo utaona nyumba za chini za enzi za Wabelgiji, zenye baraza pana na miembe uani, zikiondoka moja moja, na mahali pake pakiinuka maghorofa ya maduka, ofisi na vyumba vya kupanga. Mji uliobanwa kati ya ziwa na milima hauna budi kwenda juu, na sina neno na hilo. Neno langu ni juu ya siku ya kwanza ya kila ujenzi wa namna hiyo, siku ambayo vijana wanne au watano wanapanda juu ya nyumba ya zamani na nyundo zao na kuanza kuvunja paa.

Baadhi ya mapaa hayo si ya bati wala ya vigae vya udongo. Ni mabamba ya saruji ya kijivu, mazito, yenye mawimbi, ambayo mafundi huyaita eterniti au fibrosima. Mabamba ya umri huo kwa kawaida yana asbesto. Hoja ninayoitetea hapa ni moja: katika mji huu, mtu wa kwanza kulindwa dhidi ya asbesto si mwenye nyumba, si mpangaji, wala si mtoto anayelala chini ya paa hilo. Ni muyede, kibarua wa siku anayembebea fundi matofali na maji. Yeye ndiye anayeichukua asbesto ikiwa imetulia ndani ya saruji na kuigeuza vumbi, na kazi ikiisha hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alikuwapo.

Asbesto ni madini yenye tabia ya pekee. Ukiyaponda hayawi unga kama mawe mengine, bali yanachambuka kuwa nyuzi, na nyuzi zenyewe haziungui wala haziozi. Mwaka 1901 Ludwig Hatschek, Mwaustria, alipata hataza ya kuzichanganya na saruji na kutengeneza bamba jembamba lisiloshika moto wala kutu. Katika bamba la aina hiyo asbesto kwa kawaida ni kama asilimia 10 hadi 15, iliyobaki ni saruji. Serikali ya kikoloni ilitaka kuezeka hospitali, shule, ofisi na nyumba za watumishi kwa haraka, katika nchi ya jua kali na mvua nyingi. Bamba hilo liliifaa sana.

Nyuzi zinazohesabiwa na wapimaji wa hewa zina unene usiofika mikroni 3, na nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Unywele wa mtu una kama mikroni 70. Uzi wa namna hiyo hauonekani, hauwashi, hauna harufu, na unaweza kuelea hewani kwa saa nyingi. Ukivutwa unapita mahali pote ambapo vumbi la kawaida hunaswa, mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Hapo seli za ulinzi hujaribu kuumeza, na kwa kuwa uzi ni mrefu kuliko seli yenyewe, seli hushindwa, hufa, na kuacha uvimbe. Nyingine huja, nazo hushindwa. Mvutano huo ukiendelea miaka na miaka, mapafu hujaa makovu na kuwa magumu, ugonjwa unaoitwa asbestosi. Au hutokea saratani: ya mapafu, ya zoloto, ya ovari, au mesothelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu, ambayo ni nadra kuiona kwa mtu asiyewahi kuguswa na asbesto. Kwa anayevuta sigara, hatari ya saratani ya mapafu huwa kubwa kuliko ile ambayo kila kimoja kingeleta peke yake. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aina zote za asbesto, ile nyeupe ikiwamo, katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka zaidi ya watu 200,000 hufa kwa sababu ya asbesto waliyokutana nayo kazini. Hiyo ni zaidi ya asilimia 70 ya vifo vyote vya saratani zinazotokana na kazi.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ilivyo. Mabamba yamefungwa kwenye mbao kwa boliti, na baada ya miaka 60 ya mvua boliti hizo zimeshika kutu. Kuzifungua kwa spana kunakula muda, na mkandarasi amepatana bei ya kazi nzima, si ya siku. Basi bamba linapigwa nyundo kandokando ya boliti mpaka lipasuke, kisha linaachiwa lianguke. Likifika chini linavunjika vipande, na kila ukingo mpya uliovunjika ni nyuzi zilizobaki wazi. Aliye chini anavizoa kwa mikono na chepe, anajaza toroli, kisha anafagia sakafu kavu kwa fagio la njiti, maana kapita, msimamizi wa vibarua, anataka shantye, yaani eneo la kazi, iwe safi kabla lori halijafika. Puani amejifunga fulana, au barakoa ya kitambaa iliyobaki tangu siku za korona. Kitambaa kinazuia mchanga, lakini nyuzi hizi zinapita. Mchana anakaa palepale kivulini na kula maharage kwa mikono aliyoipangusa kwenye suruali. Jioni anarudi Kamenge au Kinama na nguo zilezile.

Katika hatua zote hizo, inayonitia hofu zaidi ni fagio. Juu ya paa kuna upepo, na sehemu ya vumbi inachukuliwa. Ndani ya kuta nne, vumbi lililokwisha kutua linainuliwa upya, tena na tena, usawa wa uso wa mtu aliyeinama. Na kazi hizi hufanywa sana wakati wa kiangazi, kuanzia Juni, kwa sababu hakuna anayependa kufungua nyumba wakati wa mvua. Kwa asbesto, hiyo ndiyo miezi mibaya kuliko yote.

Nguo nazo zina habari yake, na imeshafika mahakamani huko Ubelgiji. Katika mji mdogo wa Kapelle-op-den-Bos, palipo na kiwanda cha Eternit, mhandisi mmoja wa kiwanda, Pierre Jonckheere, alikufa kwa mesothelioma mwaka 1987. Mkewe, Françoise Vannoorbeeck, hakuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikaa jirani nacho, na nguo za mumewe zilirudi nyumbani na vumbi lake. Alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 2000, na wana wao wawili wakafuata. Novemba 2011 mahakama ya Brussels ilisema kampuni ilikuwa na makosa na kuamuru fidia ya euro 250,000. Mwaka 2017 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba kosa lipo, ila ikaishusha fidia hadi euro 25,000. Mke wa mhandisi alikuwa na nyumba ya maana, maji ya bomba na sabuni ya kutosha. Mke au dada wa muyede anazikung'uta nguo kwanza uani ili zisiharibu maji ya beseni, watoto wakiwa wamemzunguka.

Nisisahau hatari ambayo haingoji miaka. Bamba la fibrosima la umri huo ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Jua, mvua na kuvu vimelila, na mtu akilikanyaga katikati, mbali na mbao, linaweza kufunguka ghafla chini ya mguu wake. Kuanguka kupitia paa la namna hii ni ajali inayojulikana sana katika nchi zilizohesabu ajali zake za ujenzi. Mbao mbili ndefu zilizolazwa juu ya kenchi, na muyede akatembea juu ya mbao hizo badala ya bamba, zingeokoa mgongo wake leo kabla hatujazungumzia mapafu yake ya kesho.

Kwa sababu hofu ya asbesto ikishaingia mjini hukimbilia mahali pasipohusika, afadhali niseme pia nisichokiogopa sana. Paa zima, lisilopasuka, lisilosuguliwa, linatoa nyuzi chache mno. Anayeishi chini yake ana muda wa kupanga. Asilipige brashi, asilitoboe, na siku ya kuliondoa atafute watu waliofundishwa. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa hilo nayo huwatisha watu, lakini Shirika la Afya Duniani halijaona ushahidi wa kutosha kwamba asbesto inayomezwa na maji inaleta saratani, na halijaweka kikomo chake katika maji ya kunywa. Asbesto ni hatari kwa pumzi. Nimesikia wazazi wakibishana juu ya pipa la maji la shule, hali paa la darasa la jirani limepasuliwa kwa nyundo mwanafunzi akiwa ndani ya uzio.

Kati ya nisivyoviogopa sana pana pia swali la gereji za mtaa wa Buyenzi. Mafundi wetu wamezoea kufungua ngoma ya breki na kupuliza vumbi jeusi kwa mashine ya upepo, na breki za zamani kweli zilijaa asbesto. Japani, zinakotoka gari nyingi za mji huu, iliipiga marufuku katika breki mwaka 2004. Breki za dukani ni habari nyingine, kwa maana hata Marekani iliendelea kuruhusu breki za akiba zenye asbesto mpaka sheria yake ya Machi 2024. Utafiti juu ya mafundi wa breki umekuwa na majibu yasiyokubaliana, na sababu mojawapo ni kwamba moto wa breki hubadilisha sehemu kubwa ya nyuzi kuwa madini mengine. Kwa hiyo mimi naiweka gereji chini ya shantye ya kubomoa katika orodha ya hatari. Hata hivyo fundi wa Buyenzi anayefungua breki kila siku kwa miaka 20 angefanya vyema kulipangusa vumbi hilo kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, na upepo akauacha kwa matairi. Hakuna sheria inayohitajika kwa hilo. Linahitaji fundi mkubwa mmoja wa mtaa aanze, vijana wake watamfuata.

Ugumu wa kuwashawishi wakubwa unatokana na muda. Mesothelioma hujitokeza kwa kawaida baada ya miaka 20 hadi 50. Kijana wa miaka 20 aliyevunja paa kiangazi cha mwaka 2025 atafikia umri wa hatari kati ya 2045 na 2075. Serikali imejiwekea dira ya Burundi kuwa nchi inayoinukia ifikapo 2040 na iliyoendelea ifikapo 2060. Ni dira ya ujenzi, na ujenzi huo unafanywa na hawa wayede. Ziweke tarehe hizo kwenye karatasi moja na utaona kwamba kizazi kitakachougua ni kilekile kitakachokuwa kimeijenga nchi ya dira hiyo, kikiwa katika miaka ambayo ilipasa kipumzike.

Na wakianza kuugua, tutawatambua? Mesothelioma huanza kwa kukosa pumzi na maumivu ya ubavu, na mara nyingi picha inaonyesha maji yamejaa pembeni ya pafu. Katika nchi zetu, daktari akiona maji hayo hufikiria kifua kikuu, na mara nyingi anapatia. Anaanzisha dawa za miezi sita. Mgonjwa asipopata nafuu, sababu zinatafutwa kwingine: hakumeza dawa vizuri, vimelea ni sugu, kachelewa kuja. Kuithibitisha mesothelioma kunataka kinyofu cha utando na maabara yenye vipimo maalumu vya kutofautisha saratani na saratani. Kabla ya maabara, kunataka swali moja lisilo na gharama: ulifanya kazi gani ulipokuwa kijana?

Kwa ugonjwa huu, bara letu ndilo lililoufundisha ulimwengu kuuliza swali hilo. Katika miaka ya 1950, huko Kimberley, Afrika Kusini, Dkt. Christopher Sleggs wa hospitali ya kifua kikuu aligundua jambo lililomsumbua. Baadhi ya wagonjwa waliodhaniwa kuwa na kifua kikuu cha utando wa mapafu hawakupona kwa dawa, na hao wasiopona walitoka upande mmoja, magharibi, kwenye machimbo ya asbesto ya bluu. Alishirikiana na mtaalamu wa magonjwa J. C. Wagner na Paul Marchand, na mwaka 1960 wakachapisha habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakiwa na historia ya kukutana na asbesto. Wengine hawakuwa wachimbaji kabisa. Walikuwa wamekulia karibu na machimbo. Ugunduzi ule uliochangia kubadilisha sheria za nchi nyingi ulianzia kwa daktari aliyeuliza wagonjwa wake wanatoka wapi na walikuwa wakifanya nini. Wanafunzi wa udaktari wa hospitali ya chuo kikuu ya Kamenge wanaweza kufundishwa kuuliza vivyo hivyo, na jibu likaandikwa kwenye faili la mgonjwa kama yanavyoandikwa umri na uzito.

Tukija kwenye la kufanya, la kwanza ni kuhesabu. Burundi na Rwanda zilitawaliwa pamoja chini ya Ubelgiji kwa jina la Ruanda-Urundi, na makao ya utawala huo yalikuwa hapahapa, Usumbura, mji ambao sasa tunauita Bujumbura. Idara zilikuwa zilezile. Rwanda ilianza mwaka 2011 kampeni ya kuondoa mapaa ya asbesto chini ya mamlaka yake ya nyumba, na hesabu yake ikafika zaidi ya mita za mraba milioni 1.6, kwenye ofisi za serikali, shule, hospitali, nyumba za dini na nyumba za watu. Tarehe ya kumaliza imesogezwa zaidi ya mara moja, na wenye nyumba wamelalamikia gharama. Lakini wanajua paa lipi liko wapi, wamefundisha watu wa kuyaondoa, na wana mahali pa kuyazika. Mji uliokuwa makao makuu ya utawala uleule hauwezi kudhani kwamba mabamba hayo yaliishia Kigali na Huye. Najua mpaka kati yetu na wao ulifungwa Januari 2024, na siasa yake si kazi ya safu hii. Miongozo ya kuondoa paa haihitaji kuvuka mpaka kwa basi.

Kuhesabu huko hakuwezi kungoja hadubini ya kupimia mabamba. Kwa macho huwezi kujua kama bamba lina asbesto, na kupima kila bamba ni ghali. Ndiyo maana nchi zilizotangulia hutumia dhana: bamba la saruji lililoezekwa kabla ya tarehe fulani linahesabiwa kuwa na asbesto mpaka mwenye nalo athibitishe vinginevyo. Ubelgiji yenyewe ilipiga marufuku karibu matumizi yote ya asbesto mwaka 1998. Katika eneo la Flanders, tangu Novemba 2022, huwezi kuuza jengo lililojengwa kabla ya 2001 bila cheti kinachoonyesha asbesto iko wapi ndani yake, na lengo lao ni kuwa salama dhidi ya asbesto ifikapo 2040. Bujumbura inaweza kuanza na sharti dogo kuliko hilo. Anayeomba kibali cha kujenga mahali penye nyumba ya zamani aeleze paa la nyumba hiyo ni la nini, na kama ni la saruji, nani ataliondoa na litapelekwa wapi. Karatasi ya kibali ndiyo mlango pekee ambao kila mwenye ghorofa lazima aupite. Mkaguzi wa kazi hawezi kuzunguka kila shantye ya mji, ila fomu inamfikia kila mjenzi.

Natilia mkazo kibali kwa sababu sheria ya kazi, jinsi ilivyo, haimfikii muyede. Tunayo Kanuni ya Kazi iliyorekebishwa Novemba 2020, na tunayo INSS inayoshughulikia pensheni na hatari za kazini. Mfumo wote huo umejengwa juu ya mtu mwenye mwajiri, mkataba na mchango unaolipwa kwa jina lake. Muyede huchukuliwa asubuhi na mapema, analipwa jioni mkononi, na kesho yuko kwa kapita mwingine. Hata angefika mwaka 2055 na cheti cha daktari kinachosema mesothelioma, angemtaja nani? Kampuni ya kubomoa haipo tena, kapita amekufa, na nyumba yenyewe ilishageuka benki. Ubelgiji iliuona mtego huu. Mfuko wake wa asbesto, ulioanza kazi mwaka 2007, humlipa mgonjwa wa mesothelioma hata kama hakuwahi kuajiriwa penye asbesto, bila kumtaka ataje kiwanda kilichomuua. Sisi hatuna mfuko huo na sidhani tutaupata karibuni. Lakini orodha ya majina ya waliofanya kazi ya kuondoa paa, iliyoambatishwa kwenye kibali na kubaki katika kumbukumbu za ofisi, ingekuwa karatasi ya kwanza katika maisha ya muyede inayosema alikuwa hapa, siku hii, na alivunja kitu hiki.

Gharama ya kuifanya kazi vizuri ni ndogo kuliko wakandarasi wanavyodai. Kinachohitajika kwanza ni maji. Pampu ya mgongoni, ileile ya kunyunyizia nyanya dawa kule Imbo, ikijazwa maji na sabuni kidogo, inalowesha bamba kabla halijaguswa, na nyuzi zilizolowa haziruki. Boliti zifunguliwe kwa spana au zikatwe kwa koleo, bamba literemshwe kwa mkono au kwa kamba likiwa zima, lifungwe kwenye plastiki nene yenye alama. Msumeno wa umeme na mashine ya kusaga visiletwe kabisa. Fagio likae pembeni. Vipande viokotwe vikiwa vimelowa na sakafu ipanguswe kwa vitambaa vinavyotupwa pamoja na vipande. Kitu ghali ni barakoa yenye kichujio cha daraja la P3, na ovaroli ya kutupwa, na hapo ndipo mwenye ghorofa la mamilioni anapaswa kutoa fedha. Nguo za kazini zibaki kazini. Nimewaona wajenzi wakilipia marumaru ya ngazi kwa bei ambayo ingewavalisha wayede wote wa mtaa mzima.

Baada ya hapo kuna suala la vifusi. Leo hupelekwa popote penye shimo: barabara ya mtaa, kiwanja cha bondeni kinachotafuta kimo dhidi ya maji, kando ya mto. Vipande vikubwa hugeuzwa uzio au paa la choo, na huko vinaanza kuvunjwa upya na watu wengine. Vikichomwa, hupasuka kwa kishindo na kurusha nyuzi. Mkataba wa Bamako wa 1991, unaolinda bara letu dhidi ya taka za sumu, umeitaja asbesto kwa vumbi na nyuzi zake kuwa taka ya hatari, na Burundi imo katika mkataba huo. Ofisi ya Burundi ya Ulinzi wa Mazingira, OBPE, ina mamlaka ya kutosha kutenga shimo moja nje ya mji, mbali na maji ya ziwa, lenye uzio na daftari, na kupiga marufuku fibrosima iliyovunjwa kwenda kwingineko.

Nchi zaidi ya 60 zimeshaipiga marufuku asbesto, na Burundi inapaswa kujiunga nazo. Kwa miaka mingi, katika mikutano ya Mkataba wa Rotterdam, nchi chache zimezuia asbesto nyeupe isiingizwe kwenye orodha ya kemikali ambazo mnunuzi lazima aarifiwe kabla ya kuuziwa, kwa hiyo hatuwezi kuitegemea meza ya kimataifa itufungie mlango wa bandari. Sheria ya kwetu iandikwe kwa namna itakayogusa pia mwamba unaochimbwa. Nikeli ya Musongati, hapa nchini, iko kwenye miamba ya jamii ileile ambayo katika sehemu nyingine za dunia hubeba nyuzi za asbesto kwa asili. New Caledonia, wachimbaji wakubwa wa nikeli, wamelipia jambo hili kwa maisha ya watu. Kupima mwamba kabla ya kuupasua ni rahisi kuliko kuwatafuta wachimbaji miaka 40 baadaye.

Lakini marufuku huzuia bamba jipya tu, nalo si tatizo letu kubwa. Tatizo letu liko juu ya nyumba zilizokwisha kuezekwa, na walioziezeka wanajulikana. Ubelgiji inawalipa wagonjwa wake, inaandika vyeti vya majengo yake, na imejiwekea mwaka wa kumaliza. Shirika lake la maendeleo, Enabel, linafanya kazi hapa Burundi. Serikali yetu ina haki ya kuweka mezani ombi lisilo la sadaka: hadubini na mtaalamu wa kuitumia, fedha za kuhesabu mapaa ya majengo ya umma yaliyojengwa kabla ya uhuru wa 1962 na yale yaliyofuata kwa mabamba yaleyale, na mafunzo kwa makapita na wayede wa Bujumbura, kwa Kirundi na Kiswahili, yanayofanyika shantyeni kabla ya Juni.